Siki ya Askari wa Kirumi: Habari za Divai Hafifu katika Kunywa na Kupika

Msomaji wa Injili kwa Kiswahili, afikapo penye habari ya sifongo iliyojazwa siki na kuinuliwa msalabani, huelekea kudhani kwamba siki ile ililetwa makusudi ili kumtesa mtu aliyekuwa akifa. Dhana hiyo haishangazi. Kwa Waswahili siki ni kitu cha jikoni, hutiwa katika achari na kachumbari, wala hakuna anayeinywa ili kukata kiu. Lakini Yohana aeleza kwamba chombo kilichojaa siki kilikuwapo mahali pale tangu awali, na walinzi walikuwa askari wa dola ya Rumi. Yaelekea sana kwamba kilikuwa kinywaji chao wenyewe.

Kinywaji hicho Warumi walikiita posca, yaani siki, au divai iliyokwisha kuchacha, iliyochanganywa na maji. Kilikuwa rahisi kwa bei, na kilikata kiu kuliko divai tamu. Habari za maisha ya Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu 117 hata 138, zasema kwamba alipokuwa kambini alikula mafuta ya nguruwe na jibini na kunywa posca mbele ya watu wote, ili awe mfano kwa askari. Huko Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini ya Uingereza, zilianza kufukuliwa mwaka 1973 mbao nyembamba zilizoandikwa kwa wino yapata mwaka 100, na katika hesabu moja ya vyakula siki imeandikwa pamoja na divai, pombe na mchuzi wa samaki.

Aliyeandika kwa ukamilifu zaidi juu ya divai ya watu wa chini ni Cato (234–149 K.K.) katika kitabu chake cha ukulima. Watumwa wa shambani, kwa miezi mitatu baada ya mavuno, walipewa maji yaliyolowekwa makapi ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa. Divai yao ya wakati wa baridi aliitengeneza hivi: vipimo 10 vya maji ya zabibu, 2 vya siki kali, 2 vya maji ya zabibu yaliyochemshwa hata yakawa mazito, na 50 vya maji matamu. Mchanganyiko ulikorogwa kwa kijiti mara tatu kila siku kwa siku tano, kisha ukatiwa maji ya bahari yaliyowekwa siku nyingi. Asema kwamba itakayosalia baada ya siku ndefu ya kiangazi itakuwa siki kali na nzuri sana. Hesabu hiyo ni ya bwana asiyetaka kupoteza hata tone, na ubahili wake hauna haja ya kufichwa. Hata hivyo Plutarch asimulia kwamba Cato mwenyewe alikunywa divai ile ile ya watumwa wake, na vitani, alipozidiwa na kiu, aliomba siki.

Basi kwa Warumi divai hafifu na siki hazikuwa vitu viwili vilivyotengana. Mgema wa pwani alijua jambo hili bila kusoma Kilatini: tembo la asubuhi ni tamu, likilala huwa kali, likiachwa zaidi huwa siki. Amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301 yaonyesha ujirani huo kwa fedha: kwa kipimo kilichozidi kidogo nusu lita, divai bora ya Falerno haikuruhusiwa kupita dinari 30, divai ya kawaida ya shamba dinari 8, na siki dinari 6.

Jikoni zilikutana tena. Kitabu cha mapishi kiitwacho kwa jina la Apicius chafungua kwa divai iliyotiwa asali na pilipili manga, na katika michuzi yake divai na siki huchanganywa na mchuzi wa samaki, mara nyingi bila kutajwa shamba iliyotoka.

Neno la Kigiriki katika Injili ni oxos, litokalo katika sifa yenye maana ya ukali. Wafaransa nao huiita siki kwa jina lenye maana ya divai chachu. Neno siki la Kiswahili halina kumbukumbu hiyo ya divai. Je, watafsiri wa Biblia ya Union ya mwaka 1952 walikosea kulitumia? Hapana. Neno hilo hilo limo katika Kitabu cha Ruthu, ambamo wavunaji huchovya mkate katika siki wakati wa chakula, na katika Zaburi ya 69, ambamo mwenye kiu hupewa siki na adui zake. Na masimulizi ya msalaba yaikumbuka zaburi hiyo. Kuandika «divai chachu» katika Injili peke yake kungekata uzi huo. Tena Luka asema wazi kwamba askari walimletea siki wakimdhihaki, kwa hiyo haifai kugeuza kila tendo lao kuwa huruma. Linalofaa ni maelezo mafupi pambizoni, yakisema kwamba siki hiyo ndiyo iliyokuwa ikinywewa na askari wenyewe.