Wanawake wa Buhaya katika Maandishi ya Wataalamu

Nchi ya Buhaya, iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, imeandikwa sana na wataalamu wa sheria, wa tiba, wa kilimo na wa mambo ya kale. Aghalabu wasomaji hutazama waliyoyasema wataalamu hao, wasitazame ni nani aliyeuliza na ni nani aliyeulizwa. Tofauti ya mambo hayo mawili yaonekana wazi katika makala mawili yaliyotokana na Bukoba na Muleba, ya 1963 na ya 1994.

Tarehe 30 Januari, 1962, siku 52 baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walishikwa na kicheko kisichozuilika, kilichochanganyika na kilio. Hata shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Walimu walisalimika. Wasichana walirudi makwao, na maradhi yakafuatana nao. Huko Nshamba, katika Muleba ya leo, watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Na mwezi wa Juni yalizuka katika shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, yakawashika 48 kati ya 154. Kashasha yenyewe ilifunguliwa tarehe 21 Mei, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Hapana aliyekufa.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walieleza habari hizo mwaka 1963 katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Kazi yao ilikuwa ya uangalifu, na hata leo hesabu zijulikanazo juu ya tukio hilo ni zao. Vipimo havikuonyesha sumu wala viini vya maradhi, nao wakakata shauri kuwa yalikuwa histeria ya watu wengi. Basi yafaa neno hilo litazamwe. Asili yake ni Kiyunani, nalo latokana na jina la tumbo la uzazi, kwa kuwa waganga wa kale walidhani kuwa maradhi hayo ni ya wanawake. Wenyeji waliyaita *enwara yokusheka*, yaani ugonjwa wa kucheka. Jina la wenyeji lasema lililoonekana. Jina la wataalamu lakata hukumu. Huko Nshamba walipatwa vijana wa kike na wa kiume pia, lakini sifa ya tukio ilibaki kwa wasichana. Nao, kama ilivyo desturi ya maandishi ya tiba, waliingia humo kwa hesabu na kwa dalili. Walivyoyaona wao wenyewe maisha ya bwenini, sheria zake, mitihani yake na umbali wake na nyumbani, hayo hayakuwa msingi wa uchunguzi.

Katika elimu nyingine upungufu huwa wa namna nyingine. Uchunguzi juu ya elimu ya michezo uliotolewa 2021, uliopitia makala 5,261 ya miaka ya 2014 hadi 2020, ulionyesha kuwa wanawake walikuwa kama asilimia 34 tu ya watu waliopimwa. Huko mwanamke hakuhesabiwa vya kutosha; Kashasha alihesabiwa sana, ila hakusikilizwa.

Makala ya pili yaliandikwa na Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliyepata shahada ya udaktari wa uchumi wa kilimo nchini Uswidi. Mwaka 1994 alitoa katika jarida la uchumi wa kilimo uchunguzi juu ya mashamba madogo ya migomba na kahawa ya mkoa wa Kagera. Mgawanyo wa kazi baina ya mume na mke, uliokuwa ukitajwa na wengi kama desturi tu, yeye aliutia katika hesabu na kuuliza gharama yake. Alionyesha kuwa mipaka hiyo ikilegezwa, mapato ya fedha yaweza kuongezeka hata kufikia asilimia 10, tija ya kazi asilimia 15, na tija ya mtaji asilimia 44. Mke wa kibanja, ambaye jembe lake lilijulikana tangu zamani, aliingia katika elimu kwa thamani ya kazi yake.

Isidhaniwe kuwa mwanamke peke yake ndiye awezaye kuandika habari za wanawake, wala kwamba kila mwandishi mwanamume hupotoka. Jambo lenyewe ni swali. Anayeishika kalamu ndiye achaguaye swali, na lisiloulizwa halijibiwi hata kwa vipimo bora. Wasichana wa Kashasha walikuwa na umri wa miaka 12 hadi 18; walio hai leo ni mabibi waliopita miaka 70. Hesabu zao zimehifadhiwa tangu 1963. Maneno yao, kwa Luhaya na kwa Kiswahili, hayana budi kukusanywa kwa uangalifu uleule, kabla wenye kuyasema hawajatoweka.