Matope asilia na hatari zake kiafya (Rongai, Kitengela na Kajiado)

Matope asilia ni udongo uliolowana na maji bila kuandaliwa na mtu: kando ya mto, kwenye dimbwi, shambani, barabarani baada ya mvua. Mtu huzama humo akicheza, akichimba mtaro, akitafuta nafuu ya viungo, au akisombwa na mafuriko. Udongo wenyewe ni nadra kumdhuru. Kinachomdhuru ni vilivyomwagwa juu yake, na katika miji ya Ongata Rongai na Kitengela, Kaunti ya Kajiado, vilivyomwagwa ni vingi.

Udongo wa huku

Kitengela imejengwa juu ya nyanda za Athi-Kapiti. Sehemu kubwa ya ardhi yake, kama ilivyo pande nyingi za Rongai, ni ule mfinyanzi mweusi unaoitwa udongo wa pamba. Kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza kiganja kizima. Mvua ikinyesha udongo hufura, nyufa huziba, na maji hukosa pa kupenya. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 172,569 Ongata Rongai na 154,436 Kitengela, na wengi wao hutumia vyoo vya shimo au matangi ya chini ya ardhi yanayosubiri lori la eksosta. Shimo lililochimbwa kwenye udongo usionyonya maji hujaa upesi wakati wa masika. Yaliyomo hupanda na kuungana na maji ya mtaro. Hapo bado hujahesabu samadi ya ng'ombe na mbuzi wanaopitishwa barabarani, mkojo wa mbwa na wa panya, na maji machafu ya machinjio. Tope jeusi lililo mbali na makazi na mifugo ni kitu kimoja. Tope la uchochoroni mwezi wa Aprili ni kitu kingine kabisa, hata kama rangi ni ileile.

Mei 1, 2024, Mto Athi ulipovunja kingo, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lililazimika kuwaokoa watu waliozingirwa na maji Kitengela. Mafuriko ya namna hiyo hufuta mpaka kati ya choo, zizi na sebule, na anayerudi nyumbani kuzoa tope kwa koleo hukaa humo muda mrefu kuliko mtoto yeyote anayecheza.

Kuzama na kumeza

Kabla ya kiini chochote cha maradhi, tope huua kwa kuzamisha. Rongai ina mashimo ya machimbo ya mawe ya kujengea, hasa pande za Kware, ambayo hujaa maji ya mvua na kuwavuta watoto. Kingo zake huteleza, na sakafu ni tope linalong'ang'ania mguu. Hata anayeokolewa hajamaliza safari: tope lililoingia mapafuni hubeba bakteria na kuvu, na kuna kuvu wa udongoni, *Scedosporium*, anayejulikana kwa kushambulia mapafu na hata ubongo wa watu walionusurika kufa maji, wakati mwingine wiki kadhaa baadaye.

Kumeza ni hatari isiyotiliwa maanani. Oktoba 2012, huko Nevada, Marekani, watu 22 waliugua tumbo kwa bakteria aina ya *Campylobacter* baada ya mbio za vizuizi zilizofanyika kwenye ranchi ya ng'ombe. Wachunguzi walipolinganisha wagonjwa na wenzao wazima, tofauti iliyojitokeza ni kumeza tope bila kukusudia. Hawakunywa kikombe; lilirukia mdomoni tu. Uwanja wa mpira ambako mifugo hulala usiku hauna tofauti kubwa na ranchi hiyo. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupita njia hiyohiyo pale ambapo kinyesi cha watu kimechanganyika na tope.

Homa ya mgunda

Homa ya mgunda ndiyo ugonjwa wa matope hasa, na mara nyingi haitambuliwi hospitalini. Husababishwa na bakteria wa jamii ya *Leptospira*, wanaoishi katika figo za panya, ng'ombe, nguruwe na mbwa na kutoka kwa mkojo. Katika udongo wenye unyevu wanaweza kuishi wiki nyingi. Jua na ukavu huwaua. Huingia kupitia mchubuko, macho, pua au mdomo. Mchubuko wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Mtazame mchimba mtaro mwenye gambuti iliyotoboka: tope huingia ndani na kushinda humo kutwa, ngozi ya kati ya vidole inalainika na kuwa nyeupe, inachubuka, na jioni anavua bila kuhisi chochote.

Homa huanza kati ya siku 2 na 30 baadaye, mara nyingi siku ya 5 hadi ya 14. Kichwa kinauma, misuli ya miguu na mgongo inauma, macho yanakuwa mekundu bila usaha. Wengi hupona. Wachache hupata manjano, figo hukataa kazi, au mapafu huvuja damu. Mwaka 2000, katika mashindano ya kuvuka misitu na mito huko Sabah, Malaysia, wanariadha 80 kati ya 189 waliohojiwa walikuwa wameugua kwa dalili za ugonjwa huu. Afrika Mashariki haikusalimika: Bungoma ilipata mlipuko mwaka 2004, na Julai 2022 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza wagonjwa 20 mkoani Lindi, watatu kati yao wakiwa wamefariki. Kwa kuwa baadhi walitokwa na damu puani, walipimwa kwanza Ebola na Marburg, wakaonekana hawana.

Tatizo kubwa katika kuutambua ugonjwa huu ni malaria, au tuseme jina la malaria. Utafiti uliofanyika Moshi, Tanzania, mwaka 2007 na 2008 uliwafuata wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vilithibitisha malaria kwa asilimia 1.6 tu. Kati ya waliopimwa mgunda, asilimia 8.8 walikuwa nao. Rongai iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo malaria si ya kutarajiwa kwa mtu ambaye hajasafiri Pwani wala Nyanza. Swali la "umesafiri?" huulizwa, la "umekanyaga wapi?" haliulizwi.

Pepopunda na mengineyo

Pepopunda haihitaji tope bichi. Mbegu za bakteria wake hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri jeraha lililozama: msumari, kigae cha chupa, kijiti kilichovunjikia unyayoni. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipata wagonjwa 106 wa pepopunda kwa takriban mwezi mmoja. Nchini Kenya mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hufifia. Wanawake huipata tena kliniki ya wajawazito; mwanamume wa miaka arobaini anayechimba mitaro huenda hajadungwa sindano hiyo tangu utotoni.

Minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo, ingawa viluwiluwi vyake hupendelea udongo wa kichanga wenye kivuli kuliko mfinyanzi mzito wa Kitengela. Kichocho huhitaji konokono wa maji baridi, kwa hiyo ni hatari ya bwawa na mfereji, si ya dimbwi la siku mbili.

Tope la tiba, Magadi

Barabara inayopita Rongai na Kiserian huishia Ziwa Magadi, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Kajiado, ambako watu hujiloweka kwenye chemchemi za moto kupunguza maumivu ya viungo. Hapa hofu inageuka. Maji yenye magadi makali kiasi hicho si makao mazuri kwa viini vya kawaida vya choo, lakini baadhi ya chemchemi hufikia nyuzi 86 za Selsiasi, na maji ya nyuzi 60 tu huunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache. Magadi yenyewe huondoa mafuta ya ngozi na kuchoma macho. Ukoko mweupe huonekana imara, kumbe chini ni tope.

Baada ya tope

Oga kwa maji safi na sabuni kabla tope halijakauka, na jeraha lisafishwe kwa maji mengi yanayotiririka, si kufutwa kwa kitambaa. Jeraha lililozama na kuchafuka huhitaji sindano ya pepopunda iwapo miaka 5 imepita tangu ya mwisho. Homa ikija ndani ya mwezi mmoja, mweleze daktari habari za tope hata asipouliza, kwani mgunda hutibika kwa doksisiklini au penisilini, na dawa hufaa zaidi ikianza mapema. Waokoaji na wazoaji tope wakati wa mafuriko wanaweza kuandikiwa doksisiklini ya miligramu 200 mara moja kwa wiki kama kinga, ila si kwa wajawazito, na haichukui nafasi ya gambuti nzima.