Miaka Kumi na Mmoja ya Kimya: Kezilahabi baina ya Gamba la Nyoka na Nagona

Historia ya riwaya ya Kiswahili aghalabu huandikwa kwa kufuata miaka ya uchapishaji. Vitabu hupangwa kimoja baada ya kingine, na kipindi kinachovitenga huachwa kitupu, kana kwamba mwandishi asiyechapisha haandiki wala hafikiri. Kasoro ya utaratibu huu hudhihirika katika maisha ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Kati ya 1971 na 1979 alitoa riwaya nne. Baada ya hapo ilipita miaka 11 kabla ya Nagona kutoka mwaka 1990, ikafuatwa na Mzingile mwaka 1991. Kwa kuwa riwaya hizi mbili fupi hazifanani kifani na zile nne za awali, ni rahisi kudai kwamba mwandishi aliyeondoka siye aliyerudi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo linatokana na kutokichunguza kipindi cha katikati.

Yafaa kwanza kuangalia jinsi Kezilahabi alivyoishi baada ya kila kitabu katika mwongo wa kwanza. Rosa Mistika (1971), riwaya inayosimulia maangamizi ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali wa baba bila kufunzwa ulimwengu, ilipigwa marufuku shuleni. Mwandishi, ambaye mwenyewe alikuwa amepata kuwa mwalimu wa shule za sekondari, hakurudi nyuma. Mwaka 1974 alitoa vitabu viwili kwa mpigo: Kichwamaji, ambamo msomi Kazimoto anajiua baada ya kukosa maana ya kuishi, na Kichomi, diwani iliyochochea mgogoro mkubwa juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mwaka uliofuata ilitoka Dunia Uwanja wa Fujo. Ni dhahiri kwamba kwa Kezilahabi upinzani haukuwa sababu ya kunyamaza. Basi kimya cha baadaye hakiwezi kuelezwa kwa hofu peke yake.

Sababu mojawapo isiyotiliwa maanani vya kutosha ni historia ya uchapishaji wenyewe. Vitabu vya mwanzo vya Kezilahabi vilipitia mikononi mwa mashirika yaliyokuwa na makao Nairobi: East African Literature Bureau, East African Publishing House na Heinemann. Mwandishi wa Ukerewe alisomwa Kenya kwa njia hiyo bila kizuizi kikubwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Gamba la Nyoka ilichapishwa Arusha mwaka 1979, nayo Nagona na Mzingile zilichapishwa na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ramani ya wachapishaji wake ni ramani ya kuvunjika kwa soko la pamoja la vitabu. Juu ya hayo, vita vya Kagera vya 1978–79 na dhiki ya uchumi iliyofuata viliifanya miaka ya 1980 kuwa migumu kwa kitabu chochote nchini Tanzania.

Hata hivyo, mazingira magumu hueleza kuchelewa kwa kitabu tu. Hayaelezi kubadilika kwake. Mabadiliko ya fani yana chimbuko lake katika kazi nyingine aliyokuwa akiifanya Kezilahabi, yaani uhakiki. Mwaka 1976 alikuwa amekwisha kuandika tasnifu ya uzamili juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, ambako mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya uzamifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo alihoji kama fasihi ya Kiafrika yaweza kueleweka kwa zana zilizotokana na falsafa ya Magharibi, ikiwemo ile dhana kongwe kwamba sanaa ni uigaji wa uhalisi. Mtu aliyekwisha kuihoji dhana hiyo hangeweza kurejea kwa wepesi kwenye riwaya ya kihalisia kama kwamba hakuna lililotokea. Diwani ya pili, Karibu Ndani, iliyotoka mwaka 1988, ni ushahidi kwamba kalamu haikukauka: kimya kilikuwa cha mtunzi wa riwaya, wala si cha mshairi.

Hali kadhalika, mada iliyozishughulisha riwaya mbili za mwisho za mwongo wa kwanza ilikuwa ikififia. Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka zinaukabili Ujamaa, hasa utekelezaji wake vijijini, kwa jicho la mashaka. Jina la riwaya ya pili lenyewe linauliza kama nyoka aliyejivua gamba amekuwa mnyama mwingine. Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya Azimio la Arusha. Swali la kuwa Ujamaa ungefaulu au la lilikwisha kujibiwa na historia. Lililobaki ni swali la ndani zaidi: binadamu anaujuaje ukweli, na ni nani mwenye haki ya kumwelekeza?

Hilo ndilo swali la Nagona. Msimulizi asiye na jina anasafiri katika ulimwengu uliojaa magofu na ukimya, akikutana na fikra za wanafalsafa na za dini, bila yeyote kumpa jibu la mwisho. Lakini swali lenyewe si geni. Kazimoto alikwisha kuliuliza mwaka 1974, akashindwa kulibeba. Tofauti ni kwamba katika Kichwamaji shaka imo kichwani mwa mhusika, ilhali mji, familia na chuo vinasimama imara kumzunguka. Katika Nagona shaka imeuingia ulimwengu wenyewe wa hadithi. Kwa hiyo, kilichogeuka ni mahali pa swali.

Kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Mwandishi aliyeanza kwa riwaya iliyoweza kusomwa na kijana yeyote wa shule alimaliza kwa vitabu vinavyowatatiza hata wahitimu. Kama riwaya ya Kiswahili ni mali ya umma, hapa umma ulipoteza kitu, na mhakiki anayeisifu Nagona bila kulikiri hilo anajidanganya. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba Rosa Mistika, kitabu chepesi kuliko vyote, ndicho kilichofungiwa milango ya shule. Wepesi wa lugha haukuwa dhamana ya kumfikia msomaji.

Funzo la kisa hiki linawahusu wanaoandika historia ya fasihi. Orodha ya vitabu na tarehe ni mwanzo wa kazi. Anayetaka kueleza kwa nini kitabu fulani kiko kama kilivyo hana budi kuuliza mwandishi alisoma nini, alifundisha nini, alichapishwa na nani na nchi yake ilipitia nini tangu kitabu kilichotangulia. Akifanya hivyo kwa Kezilahabi, atagundua kwamba miaka 11 inayoitwa ya kimya ndiyo miaka ambamo Nagona ilitayarishwa.