Bei kwenye simu, kabichi shambani

Juzi nikipanga faili za zamani kwenye tarakilishi yangu nilikuta programu niliyowaandikia wakulima fulani wa Kinangop. Kazi yake ilikuwa moja tu: mkulima anatuma arafa yenye neno "kabichi", anajibiwa bei ya siku hiyo ya Marikiti, Nairobi. Ilifanya kazi bila hitilafu. Mama mmoja aliijaribu mbele yangu, akaisoma bei, akacheka. "Kijana yangu, na hii simu itazibeba hizi kabichi?" Nami nikacheka, kwa kuwa sikumwelewa.

Wazo lenyewe halikuwa langu. Kenya Agricultural Commodity Exchange, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Dkt. Adrian Mukhebi, ilikuwa ikikusanya bei za sokoni na kuzibandika kwenye mbao za matangazo, halafu ikashirikiana na Safaricom kuzituma kwa arafa. Huduma ikaitwa SMS Sokoni. Sisi wa kompyuta tuliona dawa imepatikana: mabroka wanampunja mkulima kwa sababu hajui bei, basi mpe bei.

Ushahidi wetu ulitoka Kerala, India. Mwaka 2007 mwanauchumi Robert Jensen alichapisha utafiti wake kuhusu wavuvi wa sadini. Asubuhi moja ya Januari 1997, wavuvi 11 wa Badagara walikosa wanunuzi kabisa, ilhali kwenye masoko yaliyo umbali usiozidi kilomita 15 walikuwako wanunuzi 27 waliokosa samaki. Kabla ya simu za mkononi, kati ya asilimia 5 na 8 ya samaki ilitupwa. Simu zilipofika, hasara hiyo ikaisha. Mvuvi akapata faida zaidi, na mlaji naye akapunguziwa bei. Nani asingeshawishika?

Ila nilichokiruka nikisoma ni mashua. Mvuvi anapopiga simu samaki wamo chomboni tayari. Akisikia bei nzuri anageuza tu mwelekeo. Kabichi za yule mama zilikuwa shambani, mvua imenyesha, barabara ni tope, na lori la pekee lililothubutu kufika ni la broka. Broka huyo huyo ndiye aliyeleta magunia na ndiye aliyejulikana Marikiti. Nilichompa mama ni kujua kwa usahihi anapunjwa shilingi ngapi.

Waliotufuata waliliona hilo. M-Farm, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, haikuishia kwenye bei. Iliwawezesha wakulima kuuza kwa pamoja, mzigo uwe wa maana kwa mnunuzi. Twiga Foods ilianza na ndizi mwaka 2014, ikanunua kwa mkulima na kumfikishia mwenye kibanda mjini. Kubeba chakula si rahisi kama kutuma arafa: mwaka 2023 kampuni hiyo ilipunguza wafanyakazi wengi.

Programu yangu sijaifuta. Niliipitia yote jana usiku nikitafuta mahali pa kuandika lori. Hapakuwapo.