Barabara za Karagwe na Kyerwa

Barabara za Karagwe na Kyerwa ni mtandao wa njia za magari katika wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera hutenganisha eneo hili na Rwanda na Uganda, kwa hiyo safari nyingi hutegemea madaraja na njia panda chache.

Enzi za misafara

Kabla ya magari, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipita Karagwe kwa miguu kutoka Tabora kwenda Buganda, wakiwa na kituo chao Kafuro. Wavumbuzi John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe Novemba 1861, msafara wao ukiongozwa na Sidi Mubarak Bombay. Speke alipima latitudo kwa nyota, lakini njia yenyewe aliijua kwa kuonyeshwa na wenyeji.

Ujio wa magari

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, bandari ya Bukoba ilipata njia ya kufikia Mombasa kwa meli na treni. Katika enzi ya Waingereza malori yaliunganisha bandari hiyo na maeneo ya bara. Kahawa ya Karagwe na bati la Kyerwa ndivyo vilivyoyapa malori hayo mzigo.

Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalivunja daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, linalounganisha Bukoba na Mutukula, mpakani mwa Uganda. Wanajeshi wa Tanzania walitandaza daraja la muda ili kuvuka. Mwaka 1994 barabara hizi zilibeba mzigo mwingine, pale wakimbizi kutoka Rwanda walipopokelewa Karagwe na Ngara na malori ya chakula yakahitajika kuwafikia.

Njia kuu za sasa

Barabara ya Kyaka hadi Bugene, wilayani Karagwe, yenye urefu wa takribani kilomita 59, imewekwa lami. Omurushaka ndiyo njia panda kubwa: njia moja huelekea Kayanga, makao makuu ya Karagwe, na nyingine hupita Nkwenda, wilayani Kyerwa, hadi mpaka wa Murongo. Ng'ambo ya daraja la Murongo ni Kikagati, Uganda. Kutoka Kayanga barabara huendelea kusini kuelekea Ngara.

Kuitambua njia

Ramani za simu huonyesha njia, ila hazisemi ni kipande gani cha udongo kinachoteleza baada ya mvua. Dereva mgeni hufanya vyema kuwauliza waendesha bodaboda kabla ya kuacha lami, hasa Machi hadi Mei na katika mvua za vuli. Tanzania na Uganda huendesha kushoto, hivyo anayevuka Murongo habadilishi upande. Anayeingia Rwanda kupitia Rusumo, wilayani Ngara, huhamia kulia.

Usimamizi

TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, husimamia barabara kuu na za mkoa. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, husimamia barabara za wilaya, zikiwemo zinazofika vijijini. Hizi za vijijini zinastahili uzito uleule wa barabara kuu, kwa sababu gunia la kahawa na mkungu wa ndizi huanzia huko. Kijiji kikikatika wakati wa mvua, lami ya Omurushaka haimsaidii mkulima.