Kutoka Matuta ya Lazima hadi Kingo Hai: Hifadhi ya Kingo za Mito katika Milima ya Uluguru

Historia ya hifadhi ya udongo katika milima ya Uluguru imezoeleka kusimuliwa kama historia ya matuta na upinzani wa wakulima. Makala hii inaitazama kutoka bondeni, kwenye kingo za vijito vinavyolisha mto Ruvu, ambao huipatia Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Hoja kuu ni kwamba hifadhi ya kingo haidumu iwapo gharama yake inabebwa na mkulima wa mlimani ilhali manufaa yake yanavunwa na walio mbali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali. Kazi ilikuwa nzito. Aidha, uchimbaji huo ulifukia tabaka jembamba la udongo wenye rutuba na kuleta juu udongo hafifu. Mwaka 1955 upinzani uligeuka ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa, na shuruti ya matuta ikaachwa. Kilichoshindwa hapo ni njia iliyopindua ardhi na kumpuuza anayeilima. Haja ya kuzuia mmomonyoko ilibaki palepale.

Ukingo wa mto huanza kuporomoka chini. Maji huula msingi wake, kisha sehemu ya juu hukosa egemeo na kuanguka. Ukuta wa zege huweza kuzuia hali hiyo mahali pamoja, lakini mara nyingi huelekeza nguvu ya mkondo kwenye ukingo wa pili au chini zaidi mtoni. Matete hufanya kazi kwa namna nyingine: mashina huinama na kupunguza kasi ya maji, mizizi hushika udongo, na tope linalotuama huujenga ukingo upya. Pale mkondo ulipo mkali, mawe au vigingi huhitajika chini hadi mizizi ishike. Zaidi ya hayo, matete hukatwa kwa malisho na ujenzi, hivyo ukingo uliohifadhiwa huendelea kumfaa mwenyewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 za ukingo shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru hifadhi. Katika mabonde membamba, mita hizo zaweza kumeza shamba zima la kaya. Hata hivyo, maneno ya kifungu hayafungi kila matumizi. Kupanda na kuvuna matete bila kung'oa mizizi kunaweza kutetewa kuwa utekelezaji wa lengo lake. Kifungu hicho kikisomwa kama amri ya kuwaondoa watu tu, kosa la miaka ya 1950 litarudiwa kwa lugha mpya. Kikisomwa kwa ukamilifu, mkulima anaweza kuwa mlinzi wa ukingo bila kupoteza riziki yake.