Piano ya Charles-Valentin Alkan

Tazama chini ya piano hii iliyotengenezwa na Érard: kuna safu ya vipande vya mbao vya kukanyaga, kama vya kinanda cha kanisani. Alkan (1813–1888), mzaliwa wa Paris na rafiki wa Chopin, alipiga sauti nzito kwa miguu huku vidole vikikimbia juu. Mwaka 1848 alinyimwa ukuu wa idara ya piano katika Chuo cha Muziki cha Paris. Hatimaye akajitenga na majukwaa. Hata hivyo mwaka 1857 alichapisha Opus 39, mazoezi 12, na matatu kati yake ni konseto ya piano peke yake, bila okestra. Sehemu ya kwanza tu huchukua karibu nusu saa. Ni muziki wa kishujaa, haukustahili kusahauliwa. Miaka ya 1960 wapiga piano Raymond Lewenthal na Ronald Smith waliurudisha jukwaani.